Neno la Kumwambia Bibi Eufrazia

Mwaka 1996, katikati ya Oktoba, nilipanda lori la mpunga kwenda kusini kuwaona babu na bibi, na nilikuwa nimechoka kabla lori halijawashwa. Mimi ni mwalimu. Darasa langu pale Misunkumilo, Mpanda, lilikuwa na watoto tisini na wanne na madawati kumi na sita, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimemuuguza mama mpaka akanifia mikononi. Ukiwa mtoto wa kwanza, tena wa kike, tena hujaolewa, ukoo unakufanya kama baiskeli ya nyumbani. Kila mwenye haja anaichukua, na hakuna anayeitia mafuta.

Safari hii aliyenituma ni baba. Baba yangu, Fabiani, ni fundi seremala wa Shanwe, na dada yake, shangazi Christina, ni mjane anayelima Kakese. Hao wawili ndio watoto waliobaki wa Babu Telesfori na Bibi Eufrazia, waliokuwa wakiishi peke yao huko Mpimbwe, kijiji kimoja mbele kidogo ya Usevya. Mwezi Agosti moto wa jikoni ulimponyoka Bibi ukala nusu ya paa, maana macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu. Babu naye kifua kilimbana hata jembe lilikuwa limemshinda. Baba na shangazi wakakaa, wakaamua. Babu aje Shanwe kwa baba, Bibi aende Kakese kwa shangazi. Kila nyumba ina nafasi ya mzee mmoja, walisema, na kila mtoto abebe mzigo wake. Kutoka Shanwe mpaka Kakese kijana anakwenda kwa baiskeli bila hata kufikiri. Mzee asiye na pumzi na mzee asiyeona njia hawaendi. Kwa hiyo, tukisema ukweli, walikuwa wanatenganishwa, na wenyewe hawakuulizwa.

"Nenda wewe," baba aliniambia huku anapiga randa ubao. "Mimi siwezi kumwambia mama yangu neno kama hilo. Wewe ni mjukuu, ni mtani wao. Usiliseme kama habari. Liseme kama mnavyotaniana siku zote, kwamba umekuja kumchukua mume wako. Watacheka, mzee atapanda lori, na wiki ya pili Christina atamfuata mama."

"Na Bibi akikataa?"

"Kwa utani hawezi kukataa."

Nikaona baba ana huruma, anataka wazee wapelekewe jambo zito kwa ulaini. Ndivyo nilivyoelewa, na nilikuwa nimechoka mno kuelewa zaidi.

Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, Babu ananiita mke wangu na Bibi ananiita mke mwenza. Kwetu ndivyo ilivyo kati ya mzee na mjukuu wake. Utamtukana ndevu zake, utamnyang'anya kipande cha samaki mkononi, naye hana ruhusa ya kununa. Mjukuu akitaka kitu kwa utani, hapewi jibu la hapana. Anayemnyima mtani wake anaonekana amejitoa kwenye ukoo.

Lori lilinishusha njiani saa kumi jioni, nikamalizia kwa miguu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lililobaki nusu, anapepeta mchele kwa ungo. Mchele alikuwa hauoni tena, alikuwa anausikiliza.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Nani huyo? Sauti ni ya mke mwenza, lakini vumbi ni la Sitalike nzima."

"Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Telesfori, toka ndani, mke wako mdogo amekuja. Vaa shati."

Babu alitoka bila shati, amejishikilia kwenye mwimo wa mlango, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Mke wangu, umekonda. Huko mjini hawali?"

"Wanakula chaki," Bibi akamjibu kabla yangu.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu sikumbuki lini, na kifua kiliniuma kama mtu aliyelima baada ya likizo ndefu. Nikakaa chini mchangani na gauni langu la kazi, nikaegemea ukuta, nikajisemea kwamba hata kama nimebeba neno baya, leo nicheke kwanza.

"Shule zimefungwa?" Bibi akauliza.

"Bado. Nimeomba ruhusa nije niwasalimie."

"Mh. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Alisema hivyo akacheka, nami nikacheka, nikadhani tumemaliza.

Basi nikaanza kama desturi inavyotaka. Nikamwambia nimemtamani yule tetea wake mweupe. Alikuwa ndiye kuku pekee aliyebaki anayetaga. Bibi hakupunguza hata kasi ya ungo.

"Mchukue. Mtani hakatazwi. Ila mruhusu aniage, tumezoeana."

"Kuku si kitu," nikasema. "Nimekuja kumchukua mume wangu kabisa. Jumamosi napanda naye lori. Umemkalia miaka mingi, na mimi nina haki yangu."

Nilisimama nikasema kwa sauti ya juu, mikono kiunoni, kama tulivyokuwa tukifanya nikiwa darasa la tatu. Babu alicheka mpaka akakohoa. Bibi naye akacheka, meno yake matatu nje.

"Mchukue, mama. Umenichelewesha sana. Anakoroma kama mashine ya kukoboa, na kila asubuhi anaamka na ndoto mpya ya kunisimulia. Nimezisikiliza miaka hamsini na mbili. Mpaka nyingine nazijua kabla hajaziota."

"Unasikia anavyonisema?" Babu aliniambia. "Anaona wivu. Ng'ombe hazeeki maini."

"Maini hayajazeeka," Bibi akasema, "ila ng'ombe mwenyewe hasimami."

Neno likawa limesemwa. Baba alikuwa amepatia kila kitu. Nililala usingizi mzito kwenye kitanda cha kamba, na kesho yake, Alhamisi, nililala tena mchana mzima. Nilipoamka Bibi alikuwa mlangoni na bakuli la karanga. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Jembe lako ni hizi. Menya."

Tukamenya karanga, na akanisimulia maisha yake, ambayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi na kila mara yananichekesha. Alizaliwa mwaka wa nzige. Baba yake alikuwa mtu wa misa ya kila siku na alikuwa na mabinti sita, kwa hiyo mchumba wa kwanza aliyefika na ng'ombe wanaotembea wenyewe alipewa mtoto. Mchumba huyo alikuwa Babu. Bibi alikuwa na miaka kumi na tano.

"Padri akaniuliza, Eufrazia, umekubali? Nikaona ndevu zake zina uji. Nikacheka. Akaandika nimekubali."

"Na ungekuwa hujacheka?"

"Ningeuangalia tu ule uji. Angeandika hivyo hivyo."

Alizaa saba, akazika watano. Hapo hakuacha kumenya karanga. "Mungu naye ni mtani wangu," alisema. "Anachukua bila kuuliza, na mimi nikimdai ananionyesha yaliyobaki." Mwaka sabini na nne, Operesheni Vijiji, walikuja watu na orodha wakawaambia wahame kutoka mashamba yao ya bondeni, wakakae kwenye mstari karibu na barabara. Bibi alikuwa na ghala limejaa mpunga. "Nikamwambia yule bwana mkubwa, nisubirini nicheke kwanza, halafu nihame. Akanisubiri, maskini. Nikacheka, nikahama." Kuna wanawake waliolia, alisema, wengine wakajifungia ndani, na paa zao zikaezuliwa wakiwa humo humo. Yeye alipakia kinu chake kichwani akatembea mbele.

Hata majirani alikuwa nao hivyo. Manyanda, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka ya themanini akajenga nyuma ya shamba lao, alipita jioni ile na mkokoteni wa maksai.

"Manyanda," Bibi akamwita, "ng'ombe zako zimekula mpunga wangu tena. Msimu huu nusu ya maziwa ni yangu."

"Mama, mpunga wako ni mchache mpaka ng'ombe anauonea huruma."

"Huruma hiyo aionyeshe kwa kupita mbali."

Manyanda akaondoka anacheka. Babu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe walikuwa wamekula robo nzima ya shamba, na kwamba yeye, Babu, alitaka kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini Bibi alishacheka naye mambo yakaisha. "Bibi yako hajui kugomba," alisema. Alisema kama anayesifu.

Ijumaa Bibi alifua mashati mawili ya Babu. Yalipokauka aliyakunja juu ya paja, akayakunjua, akayakunja tena. Nilikuwa naosha vyombo, nikamwona akifanya hivyo mara tatu na lile lile shati la kijani.

"Mke mdogo, njoo upewe mafunzo," alisema. "Mume wako uji wake uwe mwepesi, mzito unamkaba. Akilala, kichwa kiwe juu, weka hata gunia la pumba. Akianza kusimulia ndoto usimkatize, anasahau mwisho, halafu siku nzima ananuna."

"Nimesikia, mke mkubwa."

"Na asikae kwenye upepo."

"Nimesikia."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya mzaha. Mikono ndiyo haikuwa ya mzaha. Ningeweza kumwambia pale pale. Ningesema, Bibi, weka shati chini, nimetumwa. Nikasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nilijiambia kwamba labda amekwisha kuelewa na ameridhika. Nilijiambia mjumbe hauawi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuleta habari mbaya. Mimi ndiye niliyewaambia wadogo zangu mama amekufa. Kucheka kulikuwa rahisi, nikaendelea kucheka, na ninajilaumu mpaka leo.

Jumamosi saa tatu asubuhi lori lilisimama barabarani limejaa magunia. Dereva, Shadrack, alikuwa mtu wa Mpanda tuliyefahamiana. Akamsukuma Babu kwa chini, mimi nikamvuta kwa juu, tukamketisha kati ya magunia mawili asipigwe na upepo. Bibi alikuwa amesindikiza mpaka barabarani kwa kushika bega langu. Tetea mweupe aliniletea mwenyewe, amefungwa miguu.

"Mtunze mume wetu," alisema.

"Nitamtunza. Wewe pumzika na kukoroma kwake."

"Nitalala kama mtoto." Akacheka, tukacheka wote, hata Shadrack, na lori likaondoka. Nilimwona amesimama pale pale akiwa ameelekeza uso kwenye vumbi letu, kidogo pembeni ya mahali tulipokuwa kweli.

Tulikuwa hatujafika hata Kibaoni. Babu alikuwa amekumbatia kifurushi chake, akaniuliza, "Mke wangu, Bibi yako anajua narudi lini?"

"Sijui, Babu."

"Ulimwambia?"

"Nilisema kama baba alivyonielekeza. Kwa utani, siku ile nilipofika. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Lori likaruka kwenye shimo, akangoja kifua chake kitulie. "Mimi nilijua. Fabiani nimemzaa mwenyewe, najua anavyopima mbao. Nikajua mimi naenda kwake, na mama yake atapelekwa kwa Christina. Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo."

"Nilikuwa namsubiri Eufrazia akatae. Akacheka. Akafua mashati. Nikasema basi, mwenzangu amekubali, amenichoka, nami nisimgande." Alinitazama. "Sasa kwenye lori hili nimekuwa nafikiri. Mtu akiambiwa kwa utani, anajibu nini?"

Niliinama nikakaza kamba ya miguu ya kuku.

"Hana la kujibu. Angekunyima nini wewe? Kuku amekupa. Mume amekupa. Baba yako hakukutuma kwa sababu unampenda bibi yako. Alikutuma kwa sababu hukataliwi."

Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, hasira kwa baba na randa yake, na zaidi kwa nafsi yangu, mtu mzima mwenye chaki mkononi miaka kumi, niliyekwenda kumfunga bibi yangu mdomo kwa kicheko chake mwenyewe. Nikanyoosha mkono nikagonga paa la kabini. Nikagonga tena kwa ngumi. Lori likasimama.

Shadrack alitoa kichwa nje. "Mwalimu, kuna nini? Mzee amezidiwa?"

"Tunashuka. Tunarudi."

"Mnarudi wapi? Lori lingine ni Jumatatu, tena kwa bahati."

"Basi tutangoja bahati."

Alituteremsha kwa manung'uniko, akanirushia kuku wangu, akaenda zake. Tulikaa kando ya barabara kwenye jua kali, Babu ameinama anatafuta pumzi, na mimi nikiwaza nitamweleza nini mwalimu mkuu, maana ruhusa yangu ilikuwa inaisha kesho yake. Nilihesabu kila aliyekuwa ananidai neno, baba, shangazi, mwalimu mkuu, nikaona wote watanikasirikia kwa pamoja. Bahati yetu Manyanda alikuwa anatoka mashine ya kukoboa na mkokoteni wake. Hakuuliza chochote. Alisogeza magunia, tukampandisha Babu, mimi nikatembea nyuma, na maksai wale walivyokuwa wavivu tulifika saa saba na nusu.

Jiko halikuwa na moshi. Bibi alikuwa amekaa ndani, kwenye kitanda, upande wa Babu, miguu chini, mikono juu ya magoti. Hakuwa analia. Hakuwa anafanya chochote, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa haina kazi.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Bibi. Babu yuko nje na Manyanda."

"Lori limeharibika?"

"Lori ni zima."

Nilikaa chini mbele yake, nikaishika ile mikono. Sikumwita mke mwenza. Nikamwambia, "Bibi, sikuja kuwasalimia. Nilitumwa. Baba na shangazi wamekaa wakaamua kwamba ninyi wawili hamuwezi tena kukaa peke yenu. Babu akae Shanwe kwa baba. Wewe shangazi atakuja kukuchukua wiki ijayo, ukakae Kakese. Hamtakuwa nyumba moja. Hamtaonana ila kwa bahati. Nilitakiwa nikuambie kwa utani ili ucheke, na nilifanya hivyo. Nisamehe."

Nje Manyanda alikuwa anawasemesha maksai wake kwa Kisukuma.

"Huo sasa ni utani?"

"Hapana, Bibi."

"Hujaongeza wala kupunguza?"

"Ndivyo walivyosema."

"Nilijua siku ile ulipofika," alisema polepole. "Mwalimu haachi watoto Oktoba kuja kumenya karanga. Nikangoja uniambie. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikasema labda wakati wa mashati ataniambia. Mtu hawezi kujibu neno ambalo hajaambiwa."

"Sasa nimekuambia."

"Sasa nimesikia." Aliiondoa mikono yake kwenye yangu, akajishika ukingo wa kitanda, akasimama wima, kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu. Uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo, nami nikauona kwa mara ya kwanza ulivyo.

"Sitaki," alisema. "Kawaambie hivyo. Mimi Eufrazia sitaki."